Chumba cha Watu Wanne

9 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, iwe uko juu ya ngazi au chini yake. Hapa nyumbani hatujambo. Mama hajambo. Mapacha wameng'oka meno ya mbele, kila mmoja mawili, na wote wawili katika wiki moja, kwa hiyo wakicheka unaona milango minne. Mitihani nimemaliza, matokeo bado. Sare ya shule nimeifua na kuikunja, sijui kwa ajili ya nani.

Samahani kwa siku ile uliponipigia. Nilikuwa na mengi ya kusema lakini nikaishia kuitika "ee" na "haya." Simu hunifanya nijione nimesimamishwa mbele ya darasa. Uliposema, "Basi niandikie, karatasi haikukodolei macho," nilifurahi sana, ingawa nilijibu "ee" tena.

Uliniuliza nataka zawadi gani kwa kumaliza shule. Nimefikiri siku tisa. Wenzangu wanataka simu. Mimi, kama si ghali kupita kiasi, naomba kiyoyozi. Najua ni ombi la ajabu kutoka kwa msichana ambaye hata feni yake haina kichwa. Lakini mwaka huu joto limezidi, Mjomba. Bati linaanza kulia saa nne asubuhi. Mshumaa ulio kabatini umeinama kama mtu anayesalimia wazee. Mama anasema nyumba hii ni tanuri, na kwamba mtu hawezi kuishi humu mpaka joto lipungue.

Sijui lolote kuhusu viyoyozi, ila najua benki wanacho. Nifundishe.

Mpwa wako,
Kimya


21 Januari

Kwako Kimya, mpwa wangu,

Marahaba. Mimi nipo. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi, na nikishuka yananung'unika kwa sauti nyingine. Habari ya meno ya mapacha nimemsomea kila mtu pale karakana.

Umenichekesha na umenifurahisha. Miaka ishirini na sita nafunga viyoyozi kwenye nyumba za watu, na hakuna ndugu aliyewahi kuniuliza nafanya nini. Mimi mwenyewe nalala na feni yenye mapanga mawili. La tatu lilikwenda zake mwaka juzi.

Sasa sikiliza, somo la kwanza. Watu hununua kiyoyozi kama anayenunua kofia huku kichwa amekiacha nyumbani. Wanaingia dukani: "Nipe kubwa." Kubwa kwa ajili ya nini? Mashine ndogo kuliko chumba itahangaika kutwa nzima na haitashinda. Mashine kubwa kuliko chumba inapoza upesi, inazima, inawaka tena, inazima tena, kama dereva anayejifunza breki. Haipati nafasi ya kukausha unyevu. Utalala kwenye shuka baridi zenye majimaji, kana kwamba umelala na samaki. Na umeme utaliwa bure, maana kila ikiwaka inaanza kwa pupa.

Kwa hiyo tunapima. Tafuta futi kamba. Niandikie urefu na upana wa chumba, na dirisha linatazama wapi. Dari bado liko sawa? Lile tulilipigilia mimi na marehemu baba yako kwa siku tatu. Kona ya kulia kuna msumari uliopinda. Ni wake. Yeye alikwenda kaburini akisema ni wangu. Niambie pia vitu vyote vinavyotoa joto humo ndani. Dada yangu, mama yako, bado anashonea chumbani? Pasi yake ni ile nzito?

Na watu, usiwasahau watu. Mtu ni jiko dogo linalotembea. Hata akikaa kimya, joto lake linapanda. Nihesabie wote wanaokaa humo, usimpunguze mtu wala usimwongeze.

Umeandika mama hajambo. Hukuandika kama ananisalimu. Basi, sawa.

Mjomba wako,
fundi asiye na panga la tatu


2 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa magoti. Jirani yetu, yule tunayemwita Mama Redio kwa sababu matangazo yake hayana mapumziko, anasema upake mafuta ya moto. Sikumwambia jina lako, nilisema tu kuna magoti ya mtu.

Nimepima. Nilipima mara tatu kwa sababu mara ya kwanza futi kamba ilijirudi ikanipiga kidole. Chumba kikubwa kina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu na nusu. Dirisha ni moja, linatazama magharibi, kwa hiyo kuanzia saa tisa jua linaingia na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Dari liko sawa. Msumari nimeuona. Nilisimama juu ya kiti nikaushika.

Vitu vya joto: cherehani ya umeme ya mama, na pasi ile nzito, ambayo huwaka kuanzia asubuhi mpaka jioni wateja wakiwa wengi. Jokofu halipo chumbani.

Watu ni wanne. Mama, mapacha, na mimi. Mchana mama anashona humo na usiku tunalala humo wote, kwa sababu kile chumba kingine kimepakana na jiko.

Mjomba, kikishafungwa, chumba kinaweza kuwa na ubaridi kiasi gani? Yaani kiasi cha mtu kusema hapa sasa panakalika?

Mpwa wako,
Kimya


24 Februari

Kwako Kimya,

Marahaba. Samahani nimechelewa. Tulikuwa kwenye ghala la dawa, mashine sita kwa wiki mbili, na nikirudi jioni mkono hautaki kalamu.

Vipimo vyako vimenyooka. Sasa hesabu ni hii. Mashine hizi huitwa kwa namba, elfu tisa, elfu kumi na mbili, elfu kumi na nane. Namba hiyo ni kiasi cha joto inachoweza kukitoa chumbani kwa saa moja. Chumba cha mita nne kwa tatu na nusu, chenye dari, ningeweka ya elfu tisa, na inamtosha vizuri mtu mmoja au wawili. Lakini wewe umeniletea jua la magharibi, watu wanne, cherehani, na pasi inayowaka kutwa. Pasi ile peke yake ni sawa na kuongeza watu kumi chumbani. Kwa mzigo huo, elfu kumi na nane.

Ninayo moja. Si mpya. Ilitoka kwenye ofisi iliyohama, nimeifungua yote, nimeiosha, nimeijaribu. Haina ule ujanja wa mashine za kisasa wa kupunguza mwendo polepole. Yenyewe ni kuwaka na kuzima tu, lakini moyo wake mzuri. Nimeipakia kwenye lori la mizigo. Atakayeifunga ni rafiki yangu wa zamani anayeitwa Spana. Ana maneno machache na mikono safi. Mpe chai, usimpe ushauri.

Matumizi: weka digrii ishirini na tano au sita. Ukiweka kumi na sita chumba hakipoi upesi zaidi, ni kama kubonyeza kengele ya mlango mara ishirini. Shona pazia zito la dirisha hilo, mwombe dada kitambaa. Ziba uwazi chini ya mlango. Kila baada ya wiki mbili toa chujio ulioshe kwa maji, ulianike kivulini. Na mtu yeyote akija akisema "mashine inataka gesi kila mwaka," mwonyeshe njia. Gesi hailiwi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mficha maradhi kilio humfichua.

Uliuliza kama panaweza kukalika. Patakalika, mwanangu. Mtakuwa mnagombania kukaa humo.

Mjomba wako


11 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na asante. Sijui niandike asante ngapi.

Spana alikuja Jumanne. Kweli ana maneno machache. Alipofika alisema "Hodi," alipoona ukuta akasema "Mh," na alipomaliza akasema "Washa." Katikati aliuliza, "Wenyewe wako wapi?" Nikamwambia wametoka. Alikunywa chai vikombe viwili. Mashine ya nje ameiweka upande wa kivuli.

Mama Redio alikuja kuona. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kwanza kama mtu anayepima maji ya kuoga. "Haya sasa," akasema, "kesho hata nzi wa nyumba hii watavaa sweta." Kisha akaketi na hakutangaza chochote kwa dakika nzima. Hiyo peke yake ni ajabu.

Nimeshona pazia. Nimeziba chini ya mlango kwa kitambaa nilichokijaza mabaki ya nguo. Naweka ishirini na sita. Kila mtu amefurahi.

Kuna jambo dogo tu, na labda kosa ni langu. Mashine haitulii. Inawaka kwa kishindo, baada ya muda mfupi inanyamaza, hewa inakuwa nzito, kisha inawaka tena. Shuka zina ubaridi wa majimaji, kama ulivyosema ya samaki. Daftari langu la shule limejikunja pembeni. Na uniti za umeme zinakwisha upesi mno. Chujio nimeosha. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Kimya


20 Machi

Kwako Kimya,

Marahaba. Usijilaumu kabla ya kipimo. Fundi asiyepima ni mganga.

Fanya hivi. Jumapili, saa nane mchana, wote mkiwa ndani, dada akiwa anapiga pasi kama kawaida yake, weka digrii ishirini na tano. Kaa na saa. Andika mashine ya nje inapoanza kuunguruma na inaponyamaza, kwa saa mbili. Chini ya ule mpira unaotoa maji weka ndoo, uniambie yametoka kiasi gani. Usinipambie. Nataka namba zilivyo, hata kama ni mbaya.

Spana anakusifu. Kwake sifa ni kusema, "Binti yule kimya." Nikamwambia ndilo jina lake. Akaongeza kitu kuhusu viatu vya watoto mlangoni, sikumwelewa vizuri.

Huku mvua imeanza. Nimesikia sauti yake kwenye bati nikakumbuka nyumba yenu.

Mjomba wako


31 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mvua haikuletei kikohozi.

Nimefanya kama ulivyosema. Jumapili, wote tukiwa ndani. Nilikaa karibu na dirisha nisikie mashine ya nje.

Iliwaka saa nane na dakika mbili, ikanyamaza saa nane na dakika saba. Ikawaka tena saa nane na dakika ishirini na mbili, ikanyamaza ilipofika dakika ya ishirini na sita. Baada ya hapo ikawa hivyo hivyo: inaunguruma dakika nne, mara moja tu dakika tano, na inanyamaza dakika kumi na tano mpaka kumi na saba. Nimeambatisha karatasi yenye namba zote. Mahali nilipofuta ni kwa sababu wino ulisambaa, sikubadilisha kitu.

Maji kwenye ndoo hayakufika hata glasi moja.

Ni hayo tu. Mapacha wanaendelea vizuri.

Mpwa wako,
Kimya


14 Mei

Kwako Kimya,

Marahaba. Najua umesubiri. Kazi zilikuwapo, lakini kazi hazimzuii mtu kuandika wiki sita. Nimeianza barua hii mara nne.

Namba zako ni safi kuliko za mafundi niliowafundisha mwenyewe. Umeandika hata dakika ile moja iliyozidi. Kwa hiyo naziamini, na kwa kuwa naziamini nina shida.

Chumba chenye watu wanne na pasi ya moto, saa nane mchana, mashine ile ingeunguruma nusu saa bila kuvuta pumzi, ipumzike kidogo, iendelee. Ndoo ingekaribia kujaa robo. Yako inaunguruma dakika nne, inanyamaza kumi na saba. Haina kazi ya kufanya humo ndani. Haina ubovu, Kimya. Inatafuta joto la watu na halipati.

Nilimpigia Spana. Nilimuuliza vile viatu vya watoto vilikuwaje. Akaniambia, "Vilikuwa na vumbi ndani."

Sikuulizi kwa ukali. Nakuuliza kama fundi anavyomuuliza mwenye nyumba, kwa sababu bila jibu hilo siwezi kutengeneza kitu. Humo chumbani mko wangapi?

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Niko peke yangu.

Mama aliolewa mwaka jana, mwezi wa tisa. Mume wake ni mwalimu wa udereva, mpole, ana watoto wake watatu na vyumba viwili. Mama alichukua mapacha, cherehani na pasi. Mimi nilibaki kwa sababu ya mitihani, shule iko karibu na hapa, na kule hapakuwa na pa kunilaza ila sebuleni. Alisema ni kwa muda. Alisema, "Ukimaliza mitihani, na hili joto likipungua, tutaona, labda tutarudi sote, nyumba yetu si ipo?" Aliniambia nisikwambie wewe kwa hali yoyote. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Mwulize yeye mwenyewe alichoniambia." Sikukuuliza.

Mwanzoni alikuja kila Jumamosi. Sasa hutuma hela kwa simu, na kila ikiingia anauliza, "Imefika?" Najibu, "Ee." Mama Redio hupita jioni kuangalia kama nimefunga mlango. Silali njaa, usiwe na wasiwasi.

Kuhusu hesabu. Sikukudanganya ili nipate mashine kubwa. Uliposema nihesabu watu wanaokaa humo, niliwahesabu wale ambao chumba ni chao. Niliogopa kwamba nikiandika mmoja, utaleta ya mtu mmoja, halafu wakirudi haitatosha, na mama atasema unaona, nyumba hii bado ni tanuri.

Walikuja. Sijakueleza hilo. Ilikuwa Jumamosi baada ya Spana kufunga. Nilimwambia mama kwenye simu kuna kitu nataka aone, hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema kwenye simu. Niliwasha saa moja kabla. Nilitandika. Mapacha waliingia wakapiga kelele wakasimama chini yake na midomo wazi. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wake mapajani. Akatazama juu, akatazama pazia, akasema nimeshona vizuri. Baada ya kama robo saa akawaita mapacha akawavalisha masweta. Alikuwa nayo kwenye mkoba, sijui kwa nini, mwezi wa tatu. Akasema, "Baridi hii, watoto watapata mafua." Nikachukua rimoti nikapandisha ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa. Nilimwambia, "Mama, naweza hata kuizima." Akasema, "Usijisumbue, mwanangu, tunawahi gari." Waliondoka kabla ya saa kumi. Mabaki ya juisi yao yalikuwa bado na barafu.

Jumapili ile ya kupima nilikaa mwenyewe. Niliandika "wote tukiwa ndani" kabla sijaanza, halafu sikutaka kuchafua karatasi kwa kufuta. Namba sikuweza kuzidanganya. Nilijaribu kuandika dakika ishirini mahali pa nne, mkono ukakataa.

Nisamehe.

Kimya


10 Juni

Kwako Kimya, mwanangu,

Marahaba. Hakuna cha kusamehe. Ngoja na mimi nikuandikie kipimo changu bila kukipamba.

Mwaka mmoja baada ya baba yako kufariki, dada alinikalisha kwenye kile kiti ulichopanda kushika msumari, akaniambia yupo mtu anayetaka kumwoa. Nilikuwa bado namlilia rafiki yangu. Nikamwambia, "Siku utakayoolewa usiniite tena ndugu." Kisha nikachukua mfuko wangu wa vifaa nikaondoka, na kujiona mwanamume. Sikufikiri kwamba nikimfungia yeye mlango, wewe uko ndani. Umekaa miezi tisa na siri ambayo ni maneno yangu mimi.

Nilihisi tangu barua yako ya kwanza, uliposema mama hajambo na usiseme ananisalimu. Fundi akisikia mlio asiupende, hutakiwa afungue mashine papo hapo. Mimi nilipandisha sauti ya redio. Nilikuletea kiyoyozi badala ya kujileta mwenyewe.

Nimemwandikia dada. Sijapata jibu na sidai jibu. Nimemwandikia kwamba yeye ni ndugu yangu, aitwe asiitwe. Kuhusu kurudi kwake sitakuambia uongo wa kukutuliza. Nadhani hatarudi, na nadhani hakuondoka kwa sababu ya joto, na pia si kwa sababu yako. Ndani ya nyumba ile kila msumari una jina la mtu. Huenda ndicho kilichomshinda. Ukweli huo ni wake kuusema.

Tarehe tano Julai nitakuwa hapo. Nimeomba wiki tatu, na magoti yangu yameridhia. Ninazo mashine mbili karakana, chagua wewe. Ukitaka nikuachie hiyo kubwa kwa kuwa bado unawasubiri, nitaiacha, na nitakuonyesha namna ya kuishi nayo: kuiweka kwenye hali ya kukausha, kuwasha na feni, kufungua dirisha asubuhi. Haitakuwa nzuri lakini utaweza. Au nije na ya elfu tisa, tushushe hiyo. Sitakubishia uamuzi wowote. Lakini nipimie upya, kwa mkono ule ule uliokataa kudanganya.

Mjomba wako


21 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Natumaini ukiipokea hii utakuwa umeanza kufunga mizigo. Mama Redio anasema safari ndefu ujifunge kitambaa magotini. Safari hii nilimwambia ni magoti ya nani. Akasema, "Kumbe una mjomba? Na siku zote hizi nakaa nakukagulia kufuli!"

Matokeo yametoka, baada ya kucheleweshwa miezi yote hii. Nimefaulu, hesabu nimepata vizuri zaidi ya yote. Nilimpigia mama nikamwambia. Akaniambia, "Mjomba wako ameniandikia." Nikamwuliza kama atajibu. Akasema, "Ee." Sikujua kumbe tabia ile nimeitoa kwake.

Vile viatu vya mapacha nilivifuta vumbi nikawapelekea mwenyewe, kwa gari, peke yangu. Haviwaingii tena. Walivijaribu wakacheka, meno yameshaanza kuota. Nilikaa mpaka jioni. Sebule yao ina joto, Mjomba, kuliko hapa, hakuna hata feni, na dirisha linatazama ukuta. Mama alikuwa anapiga pasi na jasho linamtiririka, anaimba. Nilimtazama muda mrefu. Alipogeuka akaniona namtazama, aliacha kuimba, akanisogezea kiti karibu.

Jana nimepima upya.

Urefu mita nne, upana mita tatu na nusu. Dari lipo, na msumari. Dirisha ni la magharibi, lina pazia zito. Cherehani hakuna. Pasi hakuna.

Watu: mmoja.

Nimeandika kwa wino na sikufuta. Naomba ulete ya elfu tisa.

Nimeisoma tena barua yako ya Februari ili nisikosee. Pale uliandika kwamba hiyo inamtosha vizuri mtu mmoja au wawili. Kwa hiyo hata wewe ukiwepo wiki tatu, haitazidiwa. Nimekutandikia upande wa kulia, chini ya kona ile.

Mpwa wako,
Kimya